"Je, Amekupiga?" Si Swali la Pekee



Msafiri aendaye Tabora kwa gari moshi huiacha Manyoni, na kabla hajafika Itigi huona pande zote mbili za reli kile kichaka kinene ambacho wataalamu wa mimea wamekipa jina la mji huu. Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo iliiita nchi hii Mgunda Mkali, kwa sababu maji yalikuwa haba na kituo kilikuwa mbali na kituo. Reli ya Kati ilipofika Tabora mwaka 1912 ukali huo ulipungua, na hatimaye Itigi ikawa mji wa watu waliotoka mbalimbali: Wakimbu, Wagogo, Wanyaturu, Wanyamwezi, Wasukuma, wafanyakazi wa reli, wachuuzi, walimu na wauguzi walioletwa hapa kwa barua ya uhamisho. Mwislamu na Mkristo hupanga vyumba katika nyumba moja na kugawana uwanja mmoja wa kuanikia nguo.

Jambo hili la watu kutoka mbali lina uhusiano mkubwa na mada ya leo. Mwanamke aliyeolewa Kondoa akaletwa Itigi, au aliyetoka Ujiji akamfuata mumewe kazini, hana mjomba wala shangazi wa karibu wa kumkimbilia. Zamani mashtaka ya mke juu ya mume yalianza kwa wazee wa pande mbili, na wazee hao walimjua mume tangu utoto wake. Siku hizi, katika mji wa namna hii, mashtaka aghalabu huanzia kwa mtendaji wa kata, au kwa mwalimu wa watoto, au kwa imamu wa msikiti. Kwa hiyo swali la kwanza analoulizwa mwanamke huyo na mtu aliyemkimbilia lina uzito kuliko linavyodhaniwa. Na swali lenyewe, mara nyingi mno, huwa ni hili: "Je, amekupiga?"

Na uchukuliwe mfano, ambao ni mfano tu na si habari ya mtu yeyote. Mke wa Kiislamu amekaa katika ndoa miaka minane. Mume hajamwinulia mkono hata mara moja. Chakula kipo na kodi ya nyumba inalipwa. Lakini mume husema naye kwa kupitia watoto: "Mwambieni mama yenu alete maji." Wageni wakija humsimanga mbele yao kwa kutokusoma kwake, au kwa kuzaa wasichana watupu. Simu yake hupekuliwa kila jioni, na ndugu zake wakija kumtazama hawapewi hata kiti. Akilia huambiwa anaigiza. Akinyamaza huambiwa ana kiburi. Kila baada ya miezi michache hutishiwa kwamba ataachwa, kisha haachwi wala hakai kwa wema.

Mwanamke huyu akifika ofisini na kuulizwa kama amepigwa, hana budi kusema kweli: hapana. Akiulizwa kama ananyimwa chakula, atajibu vilevile. Hapo mtumishi, ambaye ana watu wengine kumi wanaongoja kwenye benchi, hufunga daftari na kumwambia avumilie, maana ndoa zote ndivyo zilivyo. Aliyejeruhiwa mwilini hupewa na polisi ile fomu nambari 3 aende nayo hospitali, na daktari akaandika urefu wa jeraha. Aliyesimangwa miaka minane hana fomu. Hurudi nyumbani alikotoka, na mume, ambaye amekwisha kupata habari ya safari hiyo, huwa sasa na hoja mpya ya kumwambia: hata serikali imekuona wewe ndiye mkosa.

Katika mazungumzo hayo mafupi ya ofisini mna makosa mawili. La kwanza ni kwamba hayafuati sheria ya nchi. La pili, na hili huwashangaza wengi, ni kwamba hayafuati hata ile dini ambayo jina lake hutumiwa kumnyamazisha mwanamke huyo.

Na ianze dini, kwa kuwa ndiyo hutajwa kwanza. Wapo watu wengi, Waislamu na wasio Waislamu, wanaoamini kwamba katika Uislamu mke hana mlango wa kutokea isipokuwa mume apende kuufungua, na kwamba dhara isiyoacha alama mwilini haihesabiwi. Lakini tazama sura ya 58 ya Qurani, ambayo jina lake lenyewe ni la mwanamke anayejadiliana. Sura hiyo ilianza kwa ajili ya mke mmoja wa Madina, Khawla binti Thaalaba, aliyekwenda kwa Mtume kumshtaki mumewe. Mume hakuwa amempiga. Alikuwa ametamka neno: alimfananisha na mgongo wa mama yake, kwa desturi ya Waarabu wa wakati wa ujahili, ambao kwa neno hilo walimharamisha mke bila kumwacha huru aolewe kwingine. Kwa neno hilo moja mume aliwekewa kafara kabla hajamgusa tena mkewe: kumwacha huru mtumwa, asipoweza, kufunga miezi miwili mfululizo, asipoweza, kulisha maskini 60. Mwanamke alileta mashtaka ya neno, na mashtaka yake yakasikilizwa mpaka hukumu ikatoka.

Kadhalika mume aliyeapa kutomkaribia mkewe. Sura ya pili, aya ya 226 na 227, inampa miezi minne tu, kisha ama arejee ama aache. Katika madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika Afrika ya Mashariki, mume akikataa yote mawili kadhi humtolea talaka kwa niaba yake. Kumsusa mke chumbani, kwa maneno mengine, kumewekewa kikomo kinachohesabika kwa kalenda. Tena katika sura ya nne, aya ya 129, wanaume wenye wake zaidi ya mmoja wanakatazwa kumwegemea mmoja kabisa hata mwingine akawa kama kitu kilichotundikwa, si mke wala si mjane. Na katika sura ya pili, aya ya 231, mume anakatazwa kumrejea mkewe kwa nia ya kumdhuru.

Neno, kususa, kutundikwa: katika hukumu zote hizo hamna aliyepigwa. Mtumishi anayedhani kwamba anaiheshimu dini kwa kuuliza habari za kipigo peke yake anaipunguza dini hiyo.

Ni kweli kwamba wanavyuoni hawakukubaliana katika jambo la nani mwenye uwezo wa kuivunja ndoa yenye madhara. Aya ya 35 ya sura ya nne inaamuru wapelekwe wasuluhishi wawili, mmoja kutoka jamaa ya mume na mmoja kutoka jamaa ya mke. Katika madhehebu ya Shafii kauli iliyo mashuhuri ni kwamba wasuluhishi hao ni mawakili tu, hawawezi kumtenga mke pasipo idhini ya mume. Imamu Malik wa Madina aliona kinyume: wakiona kutengana ndiyo kheri, hukumu yao hupita, apende mume asipende. Na wafuasi wake wakamruhusu kadhi kumwachisha mke aliyethibitisha dhara, yakiwamo matusi.

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi zenye Waislamu wengi ziliichukua rai hiyo ya Malik zamani. Misri, ambayo mahakama zake zilifuata Hanafi, iliiweka katika Sheria nambari 25 ya mwaka 1929, ikampa mke haki ya kuomba kutengwa kwa sababu ya dhara isiyovumilika kwa watu wa hali yake. Bara Hindi, mwaka 1939, ilitoa sheria ya kuvunja ndoa za Kiislamu, na katika kuufafanua ukatili ilitaja waziwazi mwenendo unaoyafanya maisha ya mke kuwa ya taabu hata kama haukufika kwenye kuumiza mwili. Nao walioidai sheria hiyo walikuwa masheikh, kwa sababu waliona wanawake wa Kiislamu wakiritadi ili tu wapate kutoka katika ndoa. Si sahihi basi kusema kwamba fikra ya mateso ya moyo ni mzigo ulioshushwa juzi kutoka ng'ambo.

Lipo jambo jingine ambalo halizungumzwi sana mabarazani, nalo lina madhara makubwa. Ni habari ya khului.

Watu wengi wamekwisha kusikia kisa cha mke wa Thabit bin Qais. Katika mapokezi ya Bukhari, mwanamke huyo alimwendea Mtume akasema kwamba halaumu tabia ya mumewe wala dini yake, ila hawezi kuishi naye. Akaulizwa kama yu tayari kurudisha bustani aliyopewa mahari. Akakubali, na mume akaamriwa aipokee na amwache. Huo ndio msingi wa khului: mke ambaye mumewe hana kosa, lakini moyo wake umekataa, hujikomboa kwa kurudisha alichopewa. Ni njia ya uadilifu, maana mume hakukosa na hapaswi kupoteza mke na mali kwa pamoja.

Sasa na atazamwe mke wa ule mfano wa miaka minane. Akifika mbele ya wazee na kusema amechoka, mara nyingi mzee mmoja mwenye nia njema kabisa humwambia: "Binti yangu, mrudishie mahari yake, mambo yaishe." Wote hupumua. Inaonekana kama suluhu. Lakini hapo kimetendeka kitu cha ajabu: aliyetesa amelipwa, na aliyeteswa ndiye aliyelipa. Tena wapo waume wanaoijua hesabu hii vizuri. Mume aliyemchoka mkewe anajua kwamba akimwacha mwenyewe atadaiwa mahari iliyobaki, na kitoka nyumba, na matumizi ya eda. Akimkondesha kwa maneno mpaka mke mwenyewe aje kuomba, hatadaiwa hata senti, bali atarudishiwa. Hivyo masimango yanakuwa biashara.

Qurani iliiona biashara hiyo. Katika sura ya nne, aya ya 19, wanaume wanakatazwa kuwabana wake zao ili wachukue sehemu ya walichowapa. Imamu Malik, katika kitabu chake cha Muwatta, alitoa hukumu kamili: ikijulikana kwamba mume alimdhuru mke na kumdhulumu mpaka akajikomboa, talaka hupita na mali hurudishwa kwa mwanamke. Kwa hiyo mtu anayeketi barazani hana ruhusa ya kulitaja neno khului kabla hajauliza dhara ilitoka upande gani. Kama mume hana kosa, khului. Kama mume ndiye mdhuru, basi ni yeye wa kuacha, au ni mahakama ya kuivunja ndoa, na mke hana deni.

Hapo ndipo sheria ya nchi inapoingia. Mahakama za kadhi zilizokuwako Tanganyika chini ya ukoloni hazikuendelea baada ya sheria ya mahakimu ya mwaka 1963. Zanzibar ni mbali: huko mahakama za kadhi zipo mpaka leo, na wanaofungua madai humo aghalabu ni wanawake. Huku Bara, serikali ilitoa waraka wake nambari 1 mwaka 1969 kueleza nia ya kuwa na sheria moja ya ndoa kwa watu wa dini zote. Baada ya mjadala mkali ndani na nje ya Bunge, Sheria ya Ndoa nambari 5 ya mwaka 1971 ilipitishwa, ikaanza kutumika tarehe 1 Mei mwaka huohuo. Aina za kufunga ndoa ziliachwa kama zilivyo, msikitini, kanisani, bomani na kimila. Kuvunjika kwa ndoa ndiko kulikounganishwa: kosa la zamani la kutafuta nani mwenye hatia liliwekwa pembeni, na swali likawa kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebika.

Kifungu cha 107 cha sheria hiyo kinayataja mambo ambayo mahakama yaweza kuyachukua kuwa ushahidi wa kuvunjika huko. Mojawapo ni ukatili, uwe wa akili au wa mwili, uliofanywa juu ya mwombaji au juu ya watoto wa ndoa hiyo. Maneno hayo "wa akili" yamekaa ndani ya sheria tangu mwaka 1971. Wapo watumishi ambao wamemaliza utumishi wao wote bila kuyasoma. Ni kweli kwamba kuthibitisha ukatili peke yake hakumlazimishi hakimu kutoa talaka. Hakimu hutazama hali yote ya ndoa. Lakini hakimu hawezi kutazama kitu kisichofika mbele yake, na njia ya kufika mbele yake inapita katika ofisi za kata na mabaraza.

Maana sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 101, inasema kwamba hapana ombi la talaka mahakamani mpaka shauri lipelekwe kwanza mbele ya Baraza la Usuluhishi wa Ndoa, na Baraza litoe hati kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Baraza huwa na mwenyekiti na wajumbe wasiopungua wawili wala kuzidi watano. Kila kata inapaswa kuwa na lake, na Waziri anaweza pia kulitambua baraza la jumuiya fulani. Ndivyo mabaraza ya BAKWATA yalivyopata kufanya kazi hiyo kwa Waislamu. Mahakama ya Rufani imepata kufuta mashauri ya talaka yaliyokwisha kuamuliwa ngazi za chini, kwa sababu tu hati hiyo haikuwako au haikuwa ya namna inayotakiwa. Fikiri juu ya mwanamke aliyesafiri miaka mitatu kutoka mahakama hadi mahakama akashinda, kisha akaambiwa arudi kuanza upya, kwa kuwa karani fulani aliandika barua ya kawaida mahali pa hati.

Kwa Waislamu kuna jambo la ziada la mpangilio, nalo ndilo linalochanganya watu kuliko yote. Kifungu kidogo cha tatu cha kifungu hichohicho cha 107 kinasema hivi kwa ufupi: kama ndoa ilifungwa Kiislamu, na Baraza limethibitisha kwamba limeshindwa kupatanisha, na baada ya hati hiyo mmoja wao amefanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu lingeivunja ndoa, basi mahakama itaona kwamba ndoa imevunjika na itatoa talaka. Neno la kushikwa ni "baada". Baraza kwanza, hati pili, tendo la dini tatu, mahakama nne. Lakini mambo yalivyozoeleka ni kwamba mume hutamka talaka nyumbani kwa hasira, au sheikh huandika karatasi siku hiyohiyo, na mwanamke huihifadhi karatasi hiyo sandukuni miaka mingi akidhani kwamba ameachika kwa kila sheria. Mbele ya dini huenda ameachika kweli. Mbele ya sheria ya nchi bado ni mke wa mtu, na siku atakapodai sehemu ya nyumba waliyojenga pamoja ataulizwa iko wapi talaka ya mahakama, kwa kuwa kifungu cha 114 kinampa hakimu uwezo wa kugawa mali pale anapotoa talaka au utengano, au baada ya hapo. Mwanamke wa namna hiyo hajapoteza haki yake. Anaweza kwenda Barazani sasa na kuombea talaka kwa ushahidi wa hali nzima ya ndoa. Lakini ni lazima aambiwe, na wa kumwambia ni mtu anayejua kusoma sheria.

Wapo wanaopinga kutoka upande wa pili. Wanasema talaka ya hakimu, ambaye pengine si Mwislamu, haiwezi kumfungua mwanamke mbele ya Mungu, na kwamba akiolewa tena dhamiri yake itamsuta. Hoja hii si ya kudharauliwa, maana mwanamke mcha Mungu ndiye anayeumia nayo. Kinachofaa ni kumwonyesha kwamba sheria haikumtaka achague. Hati ya Baraza ikishapatikana, masheikh wanaweza kumtaka mume aache, na akikataa wanaweza kuitazama dhara kwa mujibu wa fikihi na kutoa fasikhi. Kisha mahakama inalithibitisha tendo hilo. Mwanamke hutoka na karatasi mbili, na zote mbili zinasema jambo moja.

Sasa mwalimu au mtendaji atauliza: mateso ya moyo yanathibitishwaje? Jeraha lina urefu, masimango hayana. Jibu ni kwamba yanathibitishwa kama mambo mengine yote, kwa kuandikwa na kwa mashahidi. Kosa kubwa la madaftari ya ofisini ni kuandika hitimisho mahali pa tukio. Huandikwa: "Mlalamikaji anadai kutoelewana na mumewe." Maneno hayo hayana faida kwa mtu yeyote; hata watu wanaopendana hukosa kuelewana. Na iandikwe aliyoyasema mume, kwa maneno yake, hata kama ni machafu. Yalisemwa lini, mbele ya nani. Mke alifanya nini siku ya pili yake. Iandikwe kwamba hasemeshwi tangu mwezi fulani. Ujumbe wa matusi uliomo ndani ya simu usifutwe, unakiliwe pamoja na tarehe zake. Jirani wa chumba cha pili, ambaye ukuta wake ni mwembamba, amesikia mengi. Mke asiyejua kusoma asomewe kilichoandikwa kabla hajatia dole gumba.

Na mwalimu ana nafasi ambayo hakimu hana. Mtoto aliyezoea kutumwa kama mjumbe wa matusi kati ya baba na mama huonekana darasani: huduwaa, au huwafanyia wenzake yaleyale anayoyasikia nyumbani. Sheria imesema ukatili juu ya watoto nao ni ushahidi. Mwalimu anayemwandikia mzazi barua ya kumwita, akaweka nakala, ametengeneza ushahidi pengine bila kujua.

Kuhusu adabu ya upatanishi, wajumbe wa mabaraza wangefaidika kukisoma kisa cha Barira. Alikuwa mjakazi aliyeachwa huru, na kwa uhuru wake akapata haki ya kuchagua kubaki na mumewe Mughith au kumwacha. Akamwacha. Mughith alimfuata katika njia za Madina akilia mpaka machozi yakalowesha ndevu zake. Mtume alimwonea huruma akamwambia Barira laiti angemrudia. Barira akauliza kama hiyo ni amri. Akajibiwa kwamba ni maombezi tu. Akasema hana haja naye, na shauri likaishia hapo. Ikiwa Mtume mwenyewe aliomba akakataliwa na asikasirike, mjumbe wa kata asione amevunjiwa heshima kwa kuwa mwanamke hakukubali kurudi. Wapo wajumbe wanaoahirisha kikao mara tano kwa kutumaini kwamba mwanamke atachoka. Baadhi yao huita kazi hiyo kuokoa ndoa.

Si wanawake peke yao wanaoteswa kwa maneno. Wapo wanaume nao, na kifungu cha 107 hakikutaja jinsia. Lakini mwanamume wa Kiislamu aliyechoka anao ulimi wake wa kutolea talaka. Mwanamke hana ila ofisi, na ndiyo sababu mazungumzo haya yameelekezwa kwenye ofisi.

Mara nyingi kinachomrudisha mke nyumbani ni hofu ya kutoka mikono mitupu. Hapa ifahamike hukumu ya Mahakama ya Rufani ya mwaka 1983 katika shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, ndoa ya Kiislamu, iliyotolewa na Jaji Mkuu Francis Nyalali. Mahakama ilisema kwamba kazi za nyumbani za mke, kupika, kulea na kutunza, ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo, kwa sababu mahakama iliona kwamba alikuwa amekwisha kuzitumia vibaya fedha alizopewa na mumewe kwa shughuli ya maendeleo ya familia. Lakini kanuni aliyoiacha imewafaa wanawake wengine tangu siku hiyo. Kuhusu watoto, kifungu cha 125 kinaanza na dhana kwamba mtoto aliye chini ya miaka saba ni heri awe kwa mama yake, ingawa dhana hiyo yaweza kupingwa kwa sababu. Tishio la "watoto utawaacha hapa" si sheria.

Yamebaki mambo ya tarehe, ambayo ni madogo lakini ndiyo huharibu mashauri. Ombi la talaka lazima liambatane na hati ya Baraza iliyotolewa si zaidi ya miezi sita kabla yake. Hati iliyokaa kabatini mwaka mzima haifai kitu. Ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili haiombewi talaka bila ruhusa maalumu ya mahakama, nayo hutolewa penye taabu ya pekee. Na mume aliyeitwa na Baraza akakataa kwa makusudi kufika hawezi kuifunga njia kwa kukataa kwake. Sheria imelitoa shauri la namna hiyo katika sharti la hati, kama ilivyolitoa la mume aliyetoroka asijulikane aliko, au aliye nje ya nchi asiyetazamiwa kurudi ndani ya miezi sita. Basi karani asimwambie mwanamke kwa mara ya nne kwamba mume hajaja, arudi mwezi ujao. Na aandike tarehe tatu ambazo mume aliitwa, aandike nani aliyempelekea wito na alijibu nini, atie sahihi na muhuri, na ampe karatasi hiyo mkononi aende nayo mahakamani.